Mtoto Kwanza, Ndipo Mama

"Haizimwi!"

"Inazimwa!"

"Bi Mwanaasha, nimekwambia haizimwi hivyo. Hii siyo taa."

"Kama siyo taa, mbona inakula umeme wa taa? Mwalimu, hebu niambie, nyumba ya nani hii?"

Hapo Mwalimu Wilbert akazidi kuziba mlango, maana swali la nyumba ya nani halina jibu kinywani mwa mpangaji. Alikuwa kasimama mlangoni pa chumba chake, mikono kaitanua huku na huku kama golikipa wa penalti. Bi Mwanaasha alikuwa mbele yake, kanga kiunoni, mwiko mkononi, na mwiko wenyewe ulikuwa unachuruzika tui. Sie wengine tulikaa ukumbini tukijifanya tunachagua mchele. Mchele ulikwisha chaguliwa tangu asubuhi, lakini nani ataondoka?

Nyumba hiyo iko Tandika, na mwaka ulikuwa tisini na sita. Vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, na dari hakuna. Kuta zinaishia usawa wa kichwa cha mlango, juu ni bati tupu, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakwambia afya. Mie nilikuwa na chumba cha nyuma. Mama Lulu wa vitumbua, ndiye mie.

Kisa cha ugomvi kilikuwa hivi. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Mzee Badru, baba yake Bi Mwanaasha. Watu wangekuja kutoka Mbagala, kutoka Bagamoyo, kutoka kila mahali wali unakonukia. Na wiki nzima meni swichi ya pale ukumbini ilikuwa inatoa cheche kama jiko la mkaa. Ukiwasha pasi inakohoa, friji likiguna inatema moto. Bi Mwanaasha akasema hawezi kuwaunguza mashehe. Akamwita Jabiri, fundi umeme wa Manzese, na Jabiri akaja Jumamosi hiyo saa saba na koleo lake na swichi mpya, kavaa shati la harusi, kwa sababu mdogo wake alikuwa anaoa Madale siku hiyo hiyo.

"Bi mkubwa," Jabiri akasema, "saa tisa mie niwe nimeshaondoka hapa. Umeme uzimwe sasa, nifunge swichi, niende zangu. La sivyo mpaka wiki ijayo."

"Umesikia, Mwalimu? Fundi anavuta swichi."

"Asivute!"

Kisichotaka kuzimwa kilikuwa kompyuta. Zilikuwa mbili. Mwalimu alizinunua kwenye mradi mmoja wa wafadhili uliofunga ofisi, akazileta kwa mkokoteni, mtaa mzima ukaja kuangalia. Ile ndogo akaiweka chumba cha mbele kinachofungukia barazani, akabandika karatasi: TUNACHAPA BARUA, KADI NA MITIHANI. Ile kubwa akaiweka chumbani anakolala, miguuni pa kitanda. Kati yao akapitisha waya mweusi juu ya ukuta, pale pale zinapopitia habari zetu zote. Ile ndogo haikuwa na kumbukumbu ya maana. Ukiiambia neno, inakwenda kumwambia ile kubwa, ikatunze. Kama mie tu. Tukaziita Mama na Mtoto.

Na Bi Mwanaasha alishawahi kumzima Mama kwa kuvuta meni swichi, mara moja, umeme ulipokuwa unacheza akaogopea friji lake la barafu. Mwalimu siku ile alilia. Mtu mzima, ana digrii, alilia.

"Nitavuta mwenyewe," Bi Mwanaasha akasema, akageuka kuelekea swichi na mwiko wake.

"Bi Mwanaasha! Baba yako yumo humo!"

Mchele ukatuanguka mikononi.

Bi Mwanaasha akageuka polepole. "Baba yangu yuko makaburini, Mwalimu. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza, tena ukanikanyagia kaniki. Usinichezee na msiba wangu."

"Maneno yake. Maneno yake yamo humu. Utenzi. Beti mia moja na kumi na mbili, alinisomea, nikachapa. Ilikuwa siri."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, msije mkamwona Bi Mwanaasha mtu mbaya. Chumba kile cha mbele kilikuwa cha Mzee Badru. Mzee alikaa barazani miaka thelathini, anacheza bao na kuwatukana wapita njia kwa majina. Mwanawe alipompangishia Mwalimu chumba hicho, Mzee akahamishiwa chumba cha karibu na choo. Tangu siku hiyo hakumsemesha mwanawe. Miezi kumi na mmoja! Akitaka chumvi anamwambia paka. "Paka, hebu mwambie mwenye nyumba mchuzi haujakolea." Na Bi Mwanaasha naye anamjibu paka: "Mwambie babu yako chumvi ile pale, ana mikono." Paka akanenepa, maana kila ujumbe ulikuwa na kipande cha samaki.

Chakula lakini Mzee alikuwa anakula. Hakususa hata siku moja.

Kwa hasira zake akawa anakwenda kule mbele kumsumbua Mwalimu. Sie tukajua anaandikiwa barua za kiinua mgongo cha bandarini. Kumbe alimuuliza Mwalimu: "Hii inakumbuka?" Akaambiwa inakumbuka. "Inasemasema?" Akaambiwa haisemi mpaka uiulize. Mzee akasema basi humu ndani hamna mwingine wa namna hiyo, akavuta kiti. Miezi minne akamnong'oneza beti sikioni, Mwalimu akachapa. Sharti lilikuwa moja: isitoke hata karatasi moja kabla ya arobaini yake, na isiwekwe pengine popote. Siri moja, mahali pamoja. Arobaini ikishaingia, ndipo isomwe. Na ile siku Bi Mwanaasha alipovuta swichi, zilipotea beti thelathini. Mzee akazisoma upya, na safari hii akaongeza matusi.

Mwalimu akanyamaza na siri hiyo miezi minne, katika nyumba isiyo na dari. Mpaka leo sijaelewa aliwezaje.

Halafu Mzee akafa. Alfajiri moja tu, presha, hakuna kuugua wala kuagana. Hata paka hakuachiwa neno.

"Kila mtu wa nyumba hii yumo," Mwalimu akasema.

Ukumbini watu wakaanza kukohoa. Kila mmoja alikuwa anakumbuka alichowahi kufanya mbele ya Mzee Badru.

"Na mie nimo?" Bi Mwanaasha akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, hatukuizoea.

"Umo."

"Kanisemaje?"

"Nimeapa, Bi Mwanaasha. Mpaka arobaini."

Bi Mwanaasha akautazama mwiko wake kama vile mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. Kisha akamgeukia Jabiri, aliyekuwa tayari kakamata koleo. "Wewe! Ole wako uguse huo waya."

"Bi mkubwa, harusi..."

"Wewe ndiye bwana harusi?"

"Hapana, ni mdogo wangu."

"Basi wataoana bila wewe. Kaa hapo. Mama Lulu, mpe chai na vitumbua, tena vile vikubwa." Jabiri akakaa na shati lake jeupe, na vitumbua vyangu vina mafuta, lakini hiyo haikuwa shida yangu. "Mwalimu, sasa nifundishe. Huyu Mama anazimwaje salama? Na usiniletee Kizungu."

Mwalimu akajikuna shingo. "Kwanza tunamzima Mtoto. Mtoto akiwa macho bado anamtumia Mama vitu. Mama akilala kabla yake, alichokuwa anasema Mtoto kinapotea, na Mama naye anaweza kuharibika."

"Ala! Mtoto kwanza, ndipo mama. Hilo nalo watu wanalisomea? Mie nimelala hivyo miaka yote. Na kuamka?"

"Kuamka Mama ndiye anaanza. Akishasimama vizuri, ndipo unamwasha Mtoto."

"Akawashe moto, achemshe uji, ndipo amwamshe huyo wa shule. Haya, twende."

Tukaenda sote. Chumba cha mbele alikuwa kakaa Gaspar, seremala wa mtaa wa pili, kavaa suruali ya kitambaa, anangoja tangu saa sita. Alikuwa anataka kuoa, na barua yake ya posa Mwalimu alikwisha ichapa. Sasa Gaspar alitaka iwekwe kwenye diski, ili akamwombe kaka yake aitoe ofisini kwao kwenye printa ya leza, ili wakwe waone kazi safi.

"Shikamoo mama," akamwambia Bi Mwanaasha. "Mwalimu, samahani, ile diski yangu..."

"Marahaba. Kimya, Gaspar. Tunamlaza mtoto."

Mwalimu akahifadhi kila kilichokuwa wazi, akafunga kimoja kimoja, akabonyeza swichi ya Mtoto. Kioo kikafumba. Tukahamia chumbani. Watu tisa katika chumba cha kitanda kimoja, wengine juu ya kitanda, na mie nikapata nafasi nzuri karibu na feni. Mwalimu akafunga mambo ya Mama, moja baada ya jingine, mpaka kioo kikabaki cheusi na herufi moja na kidoti kinachopepesa.

"Zima!" Jabiri akapiga kelele kutoka ukumbini, kinywa kimejaa.

"Bado. Mnaiona hii taa nyekundu? Ikiwaka anaandika. Anameza. Akiwa anameza hazimwi."

"Msimkabe," Bi Mwanaasha akatuonya, kama kwamba sie ndio tuliokuwa tumemshika koo. "Na nyie wa uani, acheni kukuna nazi! Mama anameza!"

Mbuzi ya nazi ikasimama. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena.

"Mwalimu," Gaspar akasema mlangoni, "ile diski..."

"Gaspar!" sote kwa pamoja.

Taa ikazima, ikabaki imezima. Mwalimu akahesabu mpaka thelathini, Bi Mwanaasha akahesabu naye kwa kidole cha tasbihi. Ndipo akabonyeza. Feni ikashuka sauti taratibu, kama mtu aliyemaliza umbea na sasa anatafuta ndala zake.

Jabiri akachomoa fyuzi, akafungua, akafunga, akajikata kidole, akatukana, akaomba radhi kwa sababu ya msiba. Saa nane na nusu swichi mpya ilikuwa ukutani. Akaipandisha. Taa zikawaka, friji likaguna, jirani akasema alhamdulillah kana kwamba ni umeme wake.

"Mama kwanza," Bi Mwanaasha akasema.

Mwalimu akabonyeza. Feni ikapanda. Namba zikapita kwenye kioo. Mama akakoroma mara mbili, krr, krr, kisha akaandika mstari mmoja wa Kizungu na kunyamaza.

Mwalimu akausoma. Akabonyeza kitufe. Mstari ule ule. Akamzima, akahesabu, akamwasha. Krr, krr, mstari ule ule. Jasho likaanza kumtoka puani.

"Anasema nini?"

"Anasema... haoni pa kuanzia."

"Yaani?"

"Kumbukumbu yake. Ni ya zamani, Bi Mwanaasha, nilikuwa naogopa hilo. Zikishalala nyingine haziamki. Nadhani amekufa."

"Mie swichi yangu nzima," Jabiri akasema upesi, akianza kukusanya vyuma vyake. "Mtu asije akasema Jabiri."

Tulitarajia Bi Mwanaasha apige kelele. Tulishajiandaa, wengine tulikwisha rudi hatua moja nyuma. Hakupiga. Akaketi sakafuni, pale pale mbele ya mashine, akaweka mwiko mapajani.

"Miezi kumi na mmoja nilikuwa nasema, leo atanisemesha," akasema. "Kesho atanisemesha. Mie nami nikawa nanuna. Nikasema mtu mzima mwenyewe yeye, atachoka. Kumbe alikuwa anasema na huyu. Na huyu naye kaondoka bila kuniaga."

Nikamshika bega. Mwalimu alikuwa anamtazama Mama kama mgonjwa aliyefia mikononi mwake.

Bi Mwanaasha akafuta pua kwa ncha ya kanga. Akainamia mashine, akaitazama usoni, akaigusa ubavuni kwa kiganja kama unavyompima mtoto homa.

"Mwalimu. Alikula nini kabla ya kulala?"

"Nani?"

"Huyu. Mtoto wa mtu akiamka hoi, la kwanza unauliza kala nini. Ulimlisha nini?"

"Bi Mwanaasha, kompyuta haili, hii ni..."

Akaitumbulia macho mashine.

"Ndicho nilichokuwa nasema tangu mchana," Gaspar akasema kutoka mlangoni, kwa uchungu wa mtu aliyezibwa mdomo siku nzima. "Diski yangu imo mdomoni mwake. Posa yangu! Mnanikatiza tu, Gaspar kimya, Gaspar kimya."

Mwalimu akapiga magoti, akabonyeza kijidude chini ya ule mdomo, diski ikaruka nje. Ya bluu, imeandikwa GASPAR kwa kalamu ya seremala.

"Akiamka," Mwalimu akasema, "kitu cha kwanza anatafuta mdomoni, kama kuna maagizo ya kuamkia. Akikosa kitu mdomoni, ndipo anakwenda kwenye kumbukumbu yake. Sasa alikuta..."

"Alikuta barua ya posa," Bi Mwanaasha akamalizia. "Mwanamke mzima unamwamsha na posa ya Gaspar, ataanzia wapi? Hata mie ningegoma. Na wewe, Mwalimu, siku nzima unatufundisha kuzima salama! Taa nyekundu, sijui anameza! Washa!"

Mwalimu akawasha. Krr. Namba. Krr, krr. Kisha ile taa nyekundu ikaanza kucheza, kioo kikapata rangi, na chumba kizima kikapiga vigelegele mpaka Jabiri akarudi kutoka nje na baiskeli yake kuuliza nani kaolewa. Mwalimu akafungua, akatafuta, akaonyesha kwa kidole. Palikuwa na neno moja: BADRU.

"Soma ubeti wangu," Bi Mwanaasha akasema.

"Kesho. Nimeapa kwa marehemu, Bi Mwanaasha. Arobaini ni kesho."

"Kesho yenu nyie wa kanisani inaanza usiku wa manane. Yetu inaanza magharibi. Jua likizama, leo imekwisha, arobaini imeingia. Kamuulize shehe yeyote. Kamuulize hata huyo marehemu."

Mwalimu akafikiri. Alikuwa mtu wa Bukoba, anapenda sheria iwe imeandikwa mahali, lakini hata yeye aliona hapo hakuna pa kupenyea. Tukangoja. Mie nilikuwa sijawahi kuona watu wakiingojea magharibi kwa shauku namna ile, hata mwezi wa Ramadhani. Adhana ikalia, watu wakaswali upesi kidogo kuliko kawaida, Mungu atusamehe, kisha tukarudi kujazana juu ya kitanda cha Mwalimu. Gaspar naye alikuwepo, diski mfukoni. Hakuna aliyemwalika, wala aliyemfukuza.

"Anza na wengine kwanza," Bi Mwanaasha akasema. Alikuwa anaogopa.

Basi Mwalimu akaanza na ubeti wake mwenyewe, kwa aibu:

*Mwalimu wa kwa Wahaya,*
*kwa ndizi haoni haya,*
*lafudhi ya kwao mbaya,*
*herufi zamwitikia.*

"Na uliuchapa mwenyewe!" nikamwambia, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

"Mpaka nukta," akasema. "Na huu ni wako, Mama Lulu."

*Mama Lulu wa uani,*
*masikio ukutani,*
*likitoka jambo ndani,*
*sokoni lishaingia.*

Walivyocheka, ungedhani ni habari mpya. Mzee Badru alinionea, lakini si sana.

Kisha Mwalimu akasogeza kioo chini, akakohoa, akamtazama Bi Mwanaasha. Mwenyewe alikuwa anautazama ukuta.

*Mwanaasha wa tumboni,*
*kanitoa barazani,*
*nikamnunia ndani*
*na wali nikamlia.*

*Ana mdomo wa moto,*
*wali wake una joto,*
*sina mwingine mtoto,*
*nikifa atanilia.*

Hakuna aliyecheka.

"Mwongo," Bi Mwanaasha akasema. "Sikulia."

Nyumba haina dari, na tulikuwa tumelala humo siku zote thelathini na tisa.

"Zipo nyingine zangu?"

"Zipo sita," Mwalimu akasema. "Mmoja una matusi."

"Huo utausoma kesho mbele ya mashehe, wamjue vizuri." Akainuka, akajifunga kanga upya, akapita katikati yetu mpaka mlangoni. Hapo akasimama, mgongo kwetu.

"Mwalimu, huyo mwache macho, asizimwe tena leo. Njoo ndani ule. Na wewe Gaspar, njoo. Wali unapoa."